Jaketi Lililokunywa Maji

Jaketi lilikuwa linakunywa maji. Nasema linakunywa kwa sababu ndivyo nilivyolisikia kifuani, linavuta na kuvuta kama ng'ombe aliyefika bwawani baada ya kiangazi. Kisiwa nilikuwa nakiona kabisa. Hata mabati ya kanisa lao niliyaona yanang'aa kule juu. Na kitu cha rangi ya chungwa nilichovalishwa ili kiniokoe kilikuwa kimeamua kwenda chini na mimi ndani yake.

Nikapiga miguu. Nikipanda kutafuta pumzi, jaketi linanirudisha. Pembeni yangu alikuwa Magreti, fundi wetu wa cherehani, kavaa kama mimi, macho yamemtoka. Anaita, "Yesu! Yesu!" na kila akiita anameza. Nikasema moyoni, Mungu wangu, mara ya pili? Ile ya kwanza haikutosha?

Halafu mkono wangu ukagusa chuma.

Hapo naomba nisimame kidogo, maana nikiendelea mtadhani safari yote ilikuwa kilio. Haikuwa kilio. Tulicheka sana safari hii, na tulikula vizuri. Mmekuwa mkiniuliza pale kwenye karai langu la samaki, huyu anauliza hiki, yule kile, samaki wanaungua. Ndiyo maana nimekaa nikaandika, msome wenyewe. Nitaandika ninavyosema. Shule yangu iliishia darasa la nne, na kuna mtu alinikumbusha hilo kabla hatujaondoka. Nitamtaja jina.

Kwanza, huyu Nyabise

Zamani, kabla hamjanijua, nilikuwa nachuuza nyanya visiwani. Nilipanda mtumbwi wa mtu anaitwa Kabalimu. Namtaja ingawa siku hizi ni mzee sana na hatanijibu. Kabalimu alipakia saruji, akapakia watu, akapakia na saruji nyingine juu ya mizigo ya watu. Tukazama mchana kweupe. Nilipoibuka nilikuta nimeng'ang'ania dumu tupu la mafuta, na upande wa pili wa dumu yupo mwanamke nisiyemjua. Ndiye Nyabise. Mkatoliki wa kisiwani, anasali rozari kwa vidole kwa sababu rozari yenyewe ilikwenda na maji. Kila nikilegea ananizaba kofi.

"Usilale wewe mwenye nyanya! Ukilala nakuachia!"

Hakuniachia. Wavuvi walituokota jua likielekea kuzama. Wengine hawakuokotwa. Kabalimu akaja msibani kwa wale wengine, akasimama, akasema ni mapenzi ya Mungu. Tukaitikia amina. Akanunua mtumbwi mwingine. Mimi sikukanyaga maji tena hadi safari hii.

Nyabise tulibaki ndugu wa simu. Baadaye kiharusi kikampiga, miguu ikakataa. Akawa anabebwa mgongoni na wapwa zake kwenda kusali.

"Nabebwa kama gunia la mihogo, Mama Kulwa," aliniambia. "Siku wakiwa wamechoka siendi. Mimi nataka nifike kwa Mungu wangu kwa nguvu zangu, basi."

Umoja wa wanawake kanisani kwetu walikuwa wanapanga tena huduma ya visiwani: kuhubiri, kutembelea wagonjwa, kugawa nguo. Nikasimama nikasema, kama tunakwenda huko, twende na baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuendesha kwa mikono, ya Nyabise. Wakina mama wakapiga vigelegele. Mzee Mashauri, mzee wa kanisa anayetunza mali na funguo zote, akakunja uso.

"Huyo mama si muumini wetu. Kwani kwao hawana mapadri?"

"Mzee," nikamjibu, "siku ile majini hakuniuliza nasali wapi."

Baiskeli ikatengenezwa na kijana wetu mmoja wa kuchomelea, hapa hapa Nyakato, akaipaka rangi ya bluu na kuitia kengele. Nami nikaanza kuomba Mungu anipe miguu ya kupanda mtumbwi.

Nyakato: tunavalishwa

Asubuhi ya kuondoka, Mzee Mashauri alifungua stoo akatoa majaketi ya kuokolea. Haya majaketi tuliyanunua sisi wanawake kwa kuuza maandazi, mnakumbuka, tangu ule mwaka tulipoanza huduma ya visiwani. Siku ya kuyanunua nilijaribu moja: yalikuwa magumu, yanachoma kwapani. Safari hii nilipolishika langu nikashangaa. Laini kama mto wa mtoto.

"Mbona limelegea hili?" nikauliza.

"Nimeyakarabati mwenyewe," Magreti akasema kwa majivuno. "Uzi wa nguvu huo, Mama Kulwa. Hauchaniki leo wala kesho."

"Sisemi uzi. Nasema lililomo ndani. Leteni beseni la maji tulijaribu."

Mwinjilisti Amosi, kiongozi wa safari, akacheka kwa upole. Ni mtu mwema, lakini anapenda kumaliza maneno kwa andiko. "Mama Kulwa, tusimjaribu Bwana Mungu wetu."

"Simjaribu Bwana. Najaribu jaketi."

Hapo ndipo Mzee Mashauri akasema, mbele ya wakina mama wote, "Wewe darasa la nne ndiyo unataka kukagua vifaa? Imani yako iko wapi?"

Watu wakacheka. Mwinjilisti akaomba, akayawekea mikono majaketi, moja moja. Mzee Mashauri yeye hakusafiri. Alisema mgongo unamsumbua. Alibaki getini anatupungia mkono, na gari, ile Kenta ya kukodi, ikatoka na sisi nyuma tumekalia mabenchi na majaketi yetu laini, tunaimba. Kufika Igoma nusu ya wakina mama walikuwa wameyalalia.

Magu: muujiza ambao haukuwa muujiza

Magu tulisimama kununua mchele. Baiskeli ilikuwa inazuia njia ya kushukia, tukaishusha tukaiweka kando ya barabara. Magreti miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kukalia benchi, akaona kiti ni kiti, akajikalia kwenye baiskeli, khanga magotini.

Kumbe hatua chache pale kuna mhubiri wa stendi na spika yake. Akamwona. Sisi tuko dukani tunabishana kama mchele una mawe. Mhubiri akaja na watu wake, wakamzunguka Magreti, wakaanza kumwombea. Magreti akadhani ndiyo desturi ya Magu kuwaombea wasafiri, akafumba macho, akaitikia amina kwa bidii. Maombi yakakolea. Halafu harufu ya mahindi ya kuchoma ikampitia puani, naye tangu asubuhi alikuwa hajala. Akasimama aende kununua.

Jamani! Nilisikia kelele nikadhani mtu kagongwa.

"Ametembea! Ametembea!"

Mama mmoja wa Kisukuma akaanguka chini analia. Mwingine anamshika Magreti miguu, anaipapasa. Magreti naye, badala ya kusema ukweli, anasema, "Mimi nataka hindi tu." Wakamletea mahindi kumi. Mhubiri anamwekea kipaza sauti mdomoni: "Mama, miaka mingapi hukutembea?"

"Tangu Nyakato," Magreti akajibu.

Mwinjilisti Amosi alitoka dukani mbio, jasho linamtoka, akachukua kile kipaza sauti akaeleza. Watu hawakutaka kuelezwa. Walisema shetani amemtuma kuiba muujiza. Ilibidi tupakie baiskeli upesi upesi, na watu wengine wanaidai ibaki pale kama ushuhuda. Yule mama aliyekuwa analia ndiye aliyetusaidia kuinyanyua. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mayu, mama yangu, kwa hiyo hakuwa mlemavu?" Nikamwambia hapana, lakini yupo mmoja kweli, kisiwani, na baiskeli ni yake. Akafungua kitenge chake akatoa michembe, vile viazi vikavu, akanifungia kwenye mfuko. "Mpelekee huyo." Hatukuwa tumeulizana majina.

Kwa huo muujiza wetu tulipoteza saa nyingi. Tukafika Bunda jua limeegemea, na Kisorya tukakuta kivuko cha mwisho kimeshatuacha. Tulikiona kinavyokwenda, bado kinaonekana kabisa, kimejaa watu wanaotutazama.

Kisorya: ndizi za mwalimu

Tulilala kwa mwalimu mstaafu, Mhaya wa Bukoba, Mlutheri, ambaye hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa anamjua. Alikuta wanawake wazima wamekaa juu ya mizigo mwaloni, pale mitumbwi inapofunga. Akasalimia, akauliza tunatoka wapi, akasema, "Ndizi zipo. Kulala tutabanana."

Mke wake alitupikia ndizi na maharage, sufuria kubwa kama la msiba. Wakati wa kuosha vyombo nikamsikia anamwambia mume wake kwa Kiswahili, makusudi tusikie, "Baba Koku, safari ijayo ukiokota wageni okota wachache." Tukacheka hadi machozi. Asubuhi alitufungia ndizi nyingine za njiani, akatusindikiza hadi kivukoni na yeye.

Kwenye kivuko nilikaa katikati, nimefumba macho, nimeshika chuma cha baiskeli. Nikahesabu majina ya wajukuu wangu, nikarudia, nikarudia. Mama mmoja muuza machungwa akanigusa bega.

"Mama, fumbua macho. Watu wameshateremka."

Nikafumbua. Ukerewe. Nilikuwa nimevuka maji. Nikanunua machungwa yake yote yaliyokuwa kwenye beseni kwa furaha tu, tukayala wote, midomo ikawa inanata.

Nansio: kuku wa wenyeji

Nahodha wetu anaitwa Mafuru, Mjita mwembamba asiyependa maneno. Alikuwa anatungoja Nansio tangu alfajiri. Alisema sentensi moja: "Tuondoke sasa hivi, mchana upepo unaamka."

Lakini waumini wenzetu wa Nansio walikuwa wamechinja kuku. Mnajua mambo hayo. Mgeni akiondoka hajala, mwenye nyumba atasemwa mpaka Krismasi. Mwenyekiti wao akasimama, akatutambulisha, akamtambulisha na kuku. Kwaya ikaimba. Ugali wa muhogo ukaja mweusi mzuri, kuku akaja, firigisi ikapelekwa kwa Mwinjilisti, naye akaombea chakula maombi marefu kuliko chakula chenyewe. Mimi niko mlangoni namwangalia Mafuru, yeye anaangalia miti inavyoanza kutikisika.

"Mwinjilisti, twende," nikasema.

"Mama Kulwa, tutawavunja moyo wenyeji."

Nami nikanawa mikono. Kuku alikuwa mtamu, siwezi kudanganya.

Ziwani

Mwaloni Mafuru aliilaza baiskeli mbele ya mtumbwi, kisha akachukua madumu manne matupu akayafunga kwenye baiskeli kwa kamba.

"Hayo ya nini?" Magreti akamuuliza.

"Chuma chochote ninachobeba nakifunga madumu. Kikianguka kielee, nijue kilipo."

"Na sisi?"

"Ninyi mna majaketi."

Tukavaa. Nikapanda. Nawaambieni ukweli, niliingia kwa kutambaa hadi Mafuru akaniuliza kama nina homa. Nikakaa mbele, karibu na baiskeli, mkono wangu mmoja juu ya gurudumu. Nikamwambia Mungu, nimekuja, sasa ni wewe. Na kwa muda mrefu ilikuwa raha. Maji yanang'aa, ndege weupe wanatufuata, wakina mama wanaimba. Nilisikia kitu kifuani kimefunguka, kitu nilichokifunga tangu mtumbwi wa Kabalimu. Nikaimba na mimi, sauti yangu mnaijua ilivyo mbaya.

Kisiwa kilipokaribia ndipo upepo ulipoamka kama Mafuru alivyosema. Mawimbi yakaanza kutupiga ubavuni. Wakina mama wakashika sufuria za huduma wakaanza kukumba maji. Likaja wimbi moja, mtumbwi ukalala upande, baiskeli ikateleza.

Mafuru akapiga kelele, "Iache! Iache iende!"

Sikuiacha. Mnaweza kuniita mjinga. Niliona Nyabise anabebwa kama gunia la mihogo mpaka siku anakufa, nikaishika kwa mikono miwili, nikaenda nayo. Magreti akanidaka gauni, akaja na yeye. Maji yakaninyang'anya baiskeli.

Sasa tumefika pale nilipoanzia. Jaketi linakunywa. Mkono wangu unagusa chuma. Hicho chuma kilikuwa mpini wa baiskeli ya Nyabise, inaelea juu ya madumu yake manne kama malkia, kengele inalia yenyewe kila wimbi likipita. Nikaishika. Nikamvuta Magreti kwa kitambaa cha kichwa, nikamwambia fungua hilo jaketi, litoe. Hakutaka.

"Ndilo linaloniokoa!"

"Linakuua! Litoe!"

Akaanza kulegea. Nikamzaba kofi. Ndiyo, lile lile, nililirithi. Akalitoa. Langu nalo nilikuwa nimelivua mkono mmoja, likabaki limening'inia kwenye mkono mwingine, zito kama mtoto aliyelala. Tukakaa pale, wanawake wawili kila mtu na upande wake wa baiskeli, mpaka Mafuru akageuza mtumbwi akatufuata. Hakupoteza muda kututafuta. Aliifuata kengele.

Hakufa mtu. Asante Mungu, narudia, hakufa mtu.

Kisiwani

Tulitandaza vitu kwenye mawe vikauke. Nguo zilikauka. Jaketi langu halikukauka. Mafuru akalikanyaga, maji yakatoka kama kwenye dekio. Akachomoa kisu, akalipasua. Ndani likatoka sponji la godoro, la njano, limeota madoa, lina hata kipande cha kitambaa cha maua.

Halafu Magreti akakaa chini mchangani akaanza kulia, si kilio cha kuogopa, kingine.

"Ni mimi niliyeshona," akasema. "Mzee Mashauri aliniita ule wakati wa ugeni wa askofu. Viti vya mbele vilikuwa havina mito. Akafungua stoo, akasema toa hilo sponji gumu la majaketi utengenezee mito, halibonyei hovyo, litawafaa wageni. Nikamuuliza, na majaketi je? Akanipa godoro kuukuu. Akasema, sponji ni sponji."

"Na wewe ukaamini?" Mafuru akamuuliza.

"Mimi nimezaliwa Shinyanga, kaka yangu. Ziwa nimeliona ukubwani. Nililivaa mwenyewe, hukuniona? Ningejua ningelivaa?"

Sikuweza kumkasirikia. Alilivaa kweli. Nikamfuta mchanga usoni, nikampa michembe ya yule mama wa Magu. Mwinjilisti Amosi alikuwa amesimama pembeni kashika jaketi lake. Alisema, "Mama Kulwa, ulitaka beseni la maji tu." Hakuongeza andiko.

Basi tukaenda kwa Nyabise. Alikuwa amekaa mlangoni juu ya mkeka, kanyolewa vizuri, kavaa gauni la sikukuu. Tulikuwa hatujaonana ana kwa ana miaka yote hiyo. Nilidhani nitalia. Yeye akanitazama kuanzia kichwani, nimelowa, kitambaa kimepotea.

"Mwenye nyanya," akasema, "huwezi kuja kwangu ukiwa mkavu hata mara moja?"

Nikamwambia baiskeli yake imeniokoa. Akayapapasa madumu, maana hatukuwa tumeyafungua. "Haya yasitolewe," akasema. "Nayajua haya."

Jumapili Mwinjilisti alikuwa ameandaa mkutano wa hadhara uwanjani, na alimwomba Nyabise aje na baiskeli yake, watu waone matendo ya Mungu. Nyabise hakusema ndiyo wala hapana. Mkutano ukaanza, watu wamekaa, Mwinjilisti kashika kipaza sauti. Tukasikia kengele. Nyabise akatokea kwenye njia, anazungusha mikono, madumu yanagongana nyuma kama mkokoteni wa muuza maji. Watu wakasimama wakapiga makofi. Akatupungia mkono. Akapita.

Hakusimama. Alikuwa anakwenda kigangoni kwao, juu kilimani, kusali misa yake kama alivyotaka, mwenyewe.

Mimi nilicheka mpaka nikashika ubavu. Lakini mlima ulikuwa mkali, katikati baiskeli ikaanza kurudi nyuma. Mwinjilisti Amosi aliweka kipaza sauti chini, akavua koti, akakimbia. Akaanza kusukuma. Nyabise akageuka.

"Baba, mkutano wako je?"

"Endesha, mama. Mimi nasukuma, wewe endesha."

Mkutano wote ukainuka ukafuata. Siku ile sisi tulisali na Wakatoliki, kigango kikajaa hadi madirishani, na katekista wao hakujua aseme nini, akasema karibuni. Mimi nilisimama nyuma kabisa nikamwona Nyabise amefika mbele peke yake, amefunga breki kama dereva. Sijawahi kuona huduma iliyofanikiwa kama ile, na hatukuhubiri hata neno.

Kurudi

Kurudi tulivaa madumu. Mafuru alitufunga mmoja mmoja, madumu mawili kila mtu, kwapani, na hata kwenye kivuko hatukuyavua. Mwalimu wa Kisorya alipotuona tunateremka hivyo alimwita mke wake atoke aone. Magu Magreti hakushuka garini, alijifunika khanga hadi tulipopita. Usukani na nyimbo, usukani na nyimbo, tukafika Nyakato salama. Nimerudi na furaha, hilo mlijue. Maji siyaogopi tena. Nimeahidi kumtembelea Nyabise kila mwaka Mungu akinijalia.

Mzee Mashauri alitupokea getini. Magreti akamweleza mbele yangu. Mzee akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Tumshukuru Mungu. Yote ni mapenzi yake."

Neno lile lile la Kabalimu. Safari hii sikuitikia amina.

Mzee Mashauri, najua utasomewa haya, kwa hiyo sasa nasema na wewe. Mungu hakufungua stoo. Funguo unazo wewe. Magreti hajui ziwa, lakini wewe umezaliwa Igombe, baba yako alikuwa mvuvi, umekua unachezea maboya ya nyavu. Ulijua ni lipi linaelea. Mimi kazi ya Mungu naiona: ni Mafuru na kamba yake, ni yule mama wa michembe, ni Mwinjilisti anayesukuma baiskeli mlimani. Ile ya godoro ni kazi yako, usimtwishe.

Jaketi langu ninalo. Jumapili hii nakuja nalo, na beseni la maji nitakuja nalo mwenyewe. Nataka ueleze mbele ya wakina mama wote walioimba juu ya godoro lako: nani alikuambia wageni wa mbele wakae pazuri na sisi tuzame? Darasa la nne anauliza.

Na usinijibu ukiwa umekaa kwenye kile kiti chako cha mbele. Huo mto uliokalia ni wetu. Simama, uutoe, ndipo useme.